Siku Zilizokosa Kingo

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa watu wanaojitolea kwenye mambo ya afya ya akili. Wengi mliniomba niiweke kwa maandishi, basi nimeiandika karibu kama nilivyoongea, kwahiyo msishangae sentensi zikitangatanga.

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo, na wale mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema nawaona.

Nianze na swali. Wakati korona imepamba moto, nani hapa alikuwa akifungua macho asubuhi, kabla hata hajaenda chooni, anashika simu aone jana wamekufa wangapi? Nyosheni mikono. Mmh. Mingi. Na wangu uko juu. Na mimi ndo nilikuwa mshauri nasaha, yaani mtu wa kupigiwa simu na wenye wasiwasi, asa jiulizeni. Wahenga walishasema mganga hajigangi.

Siku moja jikoni mwanangu aliangusha kijiko. Kijiko tu, kilianguka sakafuni kikalia kama vinavyolia vijiko vyote. Nilipiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka naona aibu, mtoto akaganda, alafu akaniuliza kwa sauti ndogo, mama kwani kijiko kimekosa nini? Nikakaa palepale sakafuni. Maana kweli kijiko hakikuwa na kosa lolote, ila mimi nilikuwa na miezi mitatu mwili wangu umewasha king'ora na hakuna aliyekuja kukizima.

Tuanzie hapo, kwenye king'ora. Ukiona hatari moyo unaenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, damu inakimbilia kwenye misuli, tumbo linasimamisha shughuli zake. Adrenalini, homoni ya kuushtua mwili, inafika ndani ya sekunde chache, kotisoli, homoni nyingine ya msongo, inakuja nyuma taratibu na yenyewe ikishafika haina haraka ya kuondoka. Mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliliandikia jambo hili toka mwaka 1915, kwamba mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Sawa kabisa. Lakini kirusi utakipigaje ngumi? Na utakikimbia uende wapi wakati umeambiwa ukae ndani? Kwahiyo mwili umeshajaza mafuta, injini inanguruma, na wewe umekaa kwenye kochi. Hiyo nguvu haina pa kutokea, inageuka kuumwa kichwa, mabega yanakakamaa, unagombana na kijiko.

Nataka hili likae vizuri: ile hofu haikuwa ugonjwa, ilikuwa mwili unafanya kazi yake. Mtu ambaye hakuogopa hata kidogo mwaka 2020 ndo ningependa nikae naye niongee naye pembeni. Kosa lipo kwenye king'ora kisichozimika, na hapo ndo nataka tukae leo.

Kuna methali inasema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sasa chukua dunia nzima, itafunwe na nyoka mmoja kwa wakati mmoja, alafu kila mahali kumejaa unyasi. Mtu anakohoa kwenye foleni, unyasi. Kitasa cha mlango, unyasi. Simu inaita usiku, unyasi, tena huo ndo mbaya kuliko yote. Mtu mzima na akili zake anaosha mikono mpaka inachubuka na anajua kabisa kwamba ameshaosha.

Na jambo lenyewe halikusema litaisha lini. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, tarehe 11 Machi likaanza kuliita janga la dunia, na dharura ile ikaja kuondolewa tarehe 5 Mei 2023. Nilikaa nikahesabu, ni siku 1,191. Hakuna mwili ulioumbwa kukaa tayari kwa vita siku 1,191. Na kirusi kilikuwa nusu ya tatizo tu, nusu ingine ni kwamba siku zenyewe zilikosa kingo.

Nieleze. Mto una kingo mbili, maji yanapita katikati, yanajua yanakoenda. Ukiondoa kingo maji ni yaleyale lakini sasa unayaita mafuriko. Maisha ya kawaida yana kingo nyingi ambazo hatuzioni. Ile safari ya kutoka kazini kurudi nyumbani tuliyokuwa tunailalamikia, kumbe ilikuwa ukingo, unaacha bosi upande huu unamkuta mtoto upande ule. Kengele ya shule ni ukingo. Ijumaa ni ukingo. Hata mazishi ni ukingo, na nitarudi kwenye mazishi. Lokdauni ilipokuja vyote hivyo vikang'oka kwa wiki moja, wanafunzi karibu bilioni 1.6 kwenye nchi zaidi ya 190 wakawa nyumbani kwa mujibu wa UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, meza ikawa ofisi ikawa darasa ikawa pa kulia na pa kulilia, mtu anakuuliza leo siku gani na unafikiria kwanza. Hofu ikaingia kwenye siku isiyo na kingo, ikasambaa kila mahali.

Kwahiyo mtu akiniuliza afanye nini simwambii usiogope. Simwambii pia awe na fikra chanya, ushauri huo siupendi kabisa na nausema hapa mbele ya watu, mtu kafiwa kafukuzwa kazi unamwambia fikra chanya, unamuongezea mzigo tu, sasa ana huzuni na ana aibu ya kuwa na huzuni. Mimi namwambia ajenge kingo. Ndogondogo. Za udongo hata.

Wa kwanza ni wa habari. Mwezi Februari 2020, korona haijaitwa hata janga la dunia, mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alisema hatupigani na ugonjwa peke yake, kuna pia janga la taarifa, zinasambaa haraka na kirahisi kuliko kirusi chenyewe. Na zikitufikia haziji peke yake, zinakuja na picha, na video ya mtu analia, na sauti ya daktari asiyejulikana ni wa wapi inayoanza na "jamani naomba mnisikilize kwa makini". Unasikiliza. Unafowadi. Unamtisha shangazi yako ambaye alikuwa ametulia zake.

Niliowashauri wengi tulikubaliana hivi: habari mara mbili kwa siku, dakika ishirini ishirini, kutoka chanzo kimoja au viwili unavyoviamini, na isiwe kitandani, asubuhi wala usiku. Ukishaoga ukishavaa ndo uangalie. Hesabu ya vifo haibadiliki kwa sababu umeiona saa kumi na mbili badala ya saa nne. Wengi walikuwa wananiambia wakiacha kuangalia wanahisi wanasaliti, kama vile mtu akiendelea kutazama kirusi kinaogopa. Nawaelewa. Nilikuwa hivo.

Na lile grupu la ukoo la WhatsApp. Nyie mnacheka lakini hili ni jambo zito, maana anayetuma mara nyingi ni mkubwa, huwezi kumjibu baba mdogo mbele ya wajukuu kwamba ametuma uongo. Mfuate pembeni. "Shikamoo baba mdogo, nimeona ile uliyotutumia, nimeitafuta nimekuta siyo kweli, nikaona nikwambie mwenyewe kabla wengine hawajaisambaza." Mara nyingi anafuta mwenyewe. Unajua kwanini alikuwa anatuma? Anaogopa, na kutuma ndo njia yake ya kuwalinda. Ukimpigia simu mkaongea dakika kumi mambo mengine tu, zile fowadi zinapungua, mi nimeona.

Ukingo mwingine ni wa usingizi na huu nitakaa nao kidogo maana kwenye simu zote nilizopokea, sijui kama kuna kumi ambazo usingizi haukutajwa. Watu wanaamka saa nane usiku, macho kodo, wanaanza kuhesabu: nikiumwa mimi watoto watabaki na nani, hela iliyobaki inatosha wiki ngapi. Saa nane usiku kila kitu ni kikubwa. Ukiona imepita kama dakika ishirini hujalala usiendelee kupigana na mto, toka kitandani, kaa sehemu yenye mwanga hafifu, fanya kitu cha kuchosha, kunja nguo hata, ukisikia usingizi ndo urudi. Sababu ni kwamba ubongo unajifunza, ukilala macho kodo pale usiku kumi mfululizo ubongo unaamini kitanda ni mahali pa kuwazia.

Asubuhi amka saa ileile hata kama usiku ulikuwa mbovu, alafu tafuta jua au mwanga wa nje mapema, saa ya ndani ya mwili inajipanga kwa mwanga. Kahawa ya jioni acha, inakaa mwilini masaa mengi kuliko unavyodhani. Na pombe, najua hapa kuna watu wataangalia chini, pombe inakulaza haraka kweli lakini nusu ya pili ya usiku inakukatakata usingizi, unaamka umechoka kuliko ulivyolala, kesho unaongeza. Wakati wa lokdauni wengi walianza na kidogo cha kutuliza mawazo na walipokuja kushtuka kidogo kilishakuwa kila siku.

Alafu kuna hii, watu wanaicheka mpaka waijaribu. Ipe hofu saa yake. Chagua muda, tuseme saa kumi na moja jioni, dakika kumi na tano, kaa na karatasi uandike yote yanayokutisha. Yote. Hofu ikija saa nne asubuhi unaiambia subiri zamu yako. Nilimwelekeza baba mmoja akaniona kama nimechanganyikiwa, wiki iliyofuata akapiga, anasema dada, leo ilipofika saa ya kuogopa sikuwa na cha kuandika nikaandika orodha ya vitu vya kununua. Hofu haikuisha, ila ilipata ukingo.

Pumzi. Hii ni fupi. Vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa taratibu ukihesabu mpaka sita au nane. Siri ipo kwenye kutoa, kutoa pumzi kwa muda mrefu kunaupunguza moyo mwendo, ni breki ya moyo ambayo tumepewa uwezo wa kuikanyaga wenyewe. (Hapa tulifanya wote mara tano. Ukumbi ulinyamaza mpaka nikasikia feni.)

Na ule mwili uliojaza mafuta lazima utembee. Miongozo ya mwaka 2020 ya Shirika la Afya Duniani inasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini mtu aliyezama kwenye huzuni ukimwambia dakika 150 umemuua. Mwambie kumi. Zunguka chumba, panda ngazi ushuke, cheza muziki na watoto. Nguvu iliyoandaliwa kukimbia nyoka ipate pa kutokea.

Sasa kuna mtu hapa ananisikiliza anawaza, we mama unaongelea pumzi na mimi nadaiwa kodi. Una haki. Stresi ya hela haitibiwi na pumzi na yeyote anayekwambia hivyo hajawahi kudaiwa. Ninachoweza kusema ni kwamba hofu inakupa deni lote kwa pamoja, la mwezi huu na la miaka mitano ijayo, na kazi ya kwanza ni kulikatakata: wiki hii lazima nini, kipi kinaweza kusubiri, nani naweza kuongea naye kabla hajanifuata. Ukishapata hilo ndo unavuta pumzi.

Umbali. Mnakumbuka mwanzoni tuliambiwa tujitenge kijamii, na mwezi Machi 2020 wale wa Shirika la Afya Duniani wakaanza kurekebisha, wakasema semeni umbali wa kimwili, kwa sababu mwili ndo unatakiwa ukae mbali, roho zisikae mbali. Neno dogo lakini lilichelewa, watu walishajitenga roho. Mlipuko wa SARS wa mwaka 2003, ugonjwa wa mapafu wa jamii ya korona, ulishatuonyesha hili, Toronto kule Kanada waliwahoji watu 129 waliokuwa karantini wakakuta zaidi ya robo yao wana dalili za kiwewe, yaani mshtuko usioisha, na karibu thuluthi wana dalili za sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, na kadiri karantini ilivyokuwa ndefu ndivyo kiwewe kilivyozidi. Karantini zao nyingi zilikuwa kama siku kumi tu. Kumi!

Kwahiyo mtu aliyejifungia usimwambie ukihitaji chochote niambie. Hatakwambia. Mpangie: kila siku saa mbili usiku nitakupigia. Huo nao ni ukingo, mtu anajua siku yake ina mahali pa kushika. Na tusisahau kwamba kuna waliofungiwa ndani na mtu anayewapiga, UN Women, shirika la wanawake la Umoja wa Mataifa, mwaka 2020 waliita ukatili ule janga la kivuli, huyo usimwambie nyumbani ni salama na usimpigie simu akiwa hawezi kuongea, kubalianeni neno moja la kawaida ambalo akilisema unajua kuna hatari.

Watoto nitasema kidogo. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akianza tena hana ukorofi, mara nyingi anaogopa. Mwambie ukweli wa saizi yake. Ukimwambia hakuna kitu na anakuona unalia, anajifunza kwamba kuna kitu kikubwa mpaka mama hawezi kukitaja. Mimi yule wangu nilimuomba msamaha wa kijiko, nikamwambia mama alikuwa na hofu ikamtoka vibaya. Akasema sawa, akaenda kucheza.

Mazishi. Nilisema nitarudi. Watu walizika kwa simu. Walizika kupitia kioo cha gari, wengine hawakuzika kabisa waliambiwa tu. Pauline Boss, mtaalamu wa Marekani, toka miaka ya 1970 ameandika kuhusu msiba usio na uhakika, alianza na familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, hakuna mwili hakuna taarifa kamili, na huzuni inabaki imesimama hapohapo haiendi mbele wala nyuma. Wengi waliofiwa wakati wa korona wapo hivyo. Mama mmoja aliniambia bado anaacha mlango bila komeo kwa ajili ya mume wake, anajua amekufa, cheti anacho kwenye droo, lakini mikono yake haijaaga. Sikumwambia afunge mlango. Niliuliza angependa kumuaga vipi. Akafikiria wiki mbili, akawaita ndugu, miezi kumi na nne baada ya kifo, wakakaa siku nzima, kila mmoja akasema jambo moja la marehemu na mengine yalikuwa ya kuchekesha sana. Msiba uliocheleweshwa bado ni msiba. Mnaweza kuufanya sasa, hakuna aliyeweka tarehe ya mwisho.

Nimeongea sana kuhusu kingo lakini kuna mafuriko ambayo udongo hauyawezi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa kwanza wa janga wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, wakiumia zaidi vijana na wanawake. Na wakati huohuo, uchunguzi walioufanya kwenye nchi 130 mwaka 2020 ulikuta kwenye asilimia 93 ya nchi hizo huduma muhimu za afya ya akili zimevurugika au zimesimama. Yaani mvua imezidi na paa limetobolewa. Mwenye dawa zake za akili asiziache bila kuongea na mhudumu, hata kama kliniki ilifunga na amezoea kukaa bila, arudi. Na kama huzuni au kutojali chochote kumekaa wiki mbili, karibu siku nzima karibu kila siku, kazi haziendi, kula hakuendi, hapo tafuta mtaalamu, usisubiri mpaka mtu mwingine agundue.

Na mtu akianza kusema bora nisingekuwepo, au anagawa vitu vyake, muulize wazi. Unafikiria kujiua? Neno lenyewe. Tunaogopa kwamba tukiuliza tutampandikizia wazo, lakini kuuliza hakupandikizi, wengi wanashusha pumzi maana hatimaye kuna mtu ameona. Akisema ndiyo usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu na chochote cha kujidhuria karibu yake, mpeleke kwa wahudumu wa afya, na usikubali akuapishe kwamba ibaki siri. Wanaume hasa. Jamani tumewaambia kaza moyo mpaka moyo ukakakamaa, kisha tunashangaa hakusema.

Wahudumu wa afya mliomo humu, nawaona, wengine bado mnasikia zile mashine za oksijeni mkilala. Nanyi mnahitaji wa kuwasikiliza, na asiwe mwenzako wa zamu ambaye amebeba yaleyale.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Tunapokea maswali matatu, lakini nitakaa pale nje chini ya ngazi kama nusu saa, mwenye jambo asilotaka kulisema kwenye maiki anifuate, sitamuuliza jina. Haya, dada mwenye kitambaa cha bluu, anza wewe.